Kipande cha Tiedemann

Walimkalisha mbele kabisa, katikati, kwenye kiti cha ngozi kilichobebwa kutoka ofisi ya mkuu wa chuo. Sisi wengine tulikalia vile vya mbao vya ukumbini, vinavyouma matako tangu zama za Kaizari. Kulia kwake mkewe, Hedda. Kushoto Profesa Quast, anayenuka sigara hata akitoka kuoga. Mapajani wakamtupia shada la maua lisilo na pa kuwekwa. Profesa Ansgar Tiedemann akatulia, akawaza kwamba hata maiti huwekwa mbele hivi hivi, ila maiti hadaiwi tabasamu.

Alikuwa ametimiza miaka sabini na mitano, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamemtungia kitabu, kila mmoja na makala yake, kama ilivyo desturi kwa mwalimu aliyezeeka na bado hajafa. Kitabu kilikuwa siri iliyojulikana na kila mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Wiki nzima alikuwa akijizoeza mbele ya kioo jinsi ya kushtuka.

Hotuba zikapita. Kila hotuba, ianzie inakoanzia, ilikwenda kuishia kwenye kipande. Kipande cha Tiedemann! Katika kazi yetu hakuna asiyekijua. Kazi yenyewe ni kulinganisha nakala kongwe za Kiyunani ili tujue maandiko yalikuwaje kabla mikono ya wanakili haijayachezea. Tunainamia mabaki ya karatasi za mafunjo, mmea wa mtoni, yaliyofukuliwa mchangani Misri, mengine madogo kuliko ukucha, tunayaunganisha, kisha tunagombana juu yake mpaka tunastaafu.

Ukurasa wa Tiedemann ni wa Injili, pale msalabani, na ulikuja kutoka Misri ukiwa na tundu katikati. Kila anayekwenda kanisani anajua kwamba msalabani Yesu anawaombea msamaha wale wanaomuua. Asichokijua ni kwamba nakala kongwe kadhaa hazina maneno hayo kabisa, na nyingine zinayo. Je, yalikuwemo tangu mwanzo, au kuna mtu wa huruma aliyeyaingiza baadaye? Hapo ndipo watu wazima wenye mvi hununiana miaka na miaka.

Basi Tiedemann akiwa na miaka thelathini na mmoja, akichakura sanduku la makombo, alikuta kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Mkono wa mwandiko ni ule ule. Nyuma kimebanduka, hakina kitu. Mbele kina neno moja tu lililo kamili, neno la kuomba msamaha. Akakishika kwa kibano, akakiteremsha kwenye lile tundu, kikakaa. Tangu siku hiyo nakala ile ikawa shahidi mkongwe kuliko wote kwamba maneno ya msamaha yalikuwemo. Kipande kikaingia kwenye maelezo ya chini ya Biblia za lugha nyingi, wahubiri wakakihubiri, na Tiedemann akawa Tiedemann.

Baada ya hotuba akapanda Wiebke Lohsen. Huyu alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho na, tuseme ukweli, ndiye aliyempenda kuliko wote. Kwetu mwalimu aliyekusimamia huitwa baba wa udaktari wako, na ubaba huo haufi kwa kustaafu. Wiebke ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa daktari wa macho, ndiye aliyekuwa akimnyamazisha akianza kuwatukana Waingereza hadharani. Umri wake arobaini na minne. Mkataba wake ulikuwa unakatika Septemba, na sheria yetu haina macho: ukishatumikia mikataba mifupi kiasi fulani, ama upate uprofesa ama uende ukauze vitabu. Nafasi ya uprofesa ilikuwa moja, na mwenyekiti wa tume ya kuchagua alikuwa huyu huyu Quast wa sigara. Hapakuwa na mtu ukumbini asiyejua kwamba Wiebke leo anapimwa.

Alikuja na zawadi. Huko Vienna, katika kasha la vipande ambavyo hakuna aliyewahi kuvisoma, alikuwa amegundua kipande kingine cha ukurasa ule ule. Si kombo, ni kipande cha kiganja kizima, chenye miisho ya mistari ya upande wa kulia. Akakiweka ukutani, picha ya nyeusi na nyeupe kama tunavyopenda, maana wino huonekana vizuri zaidi. Watu wakavuta pumzi. Hedda akamfinya mumewe mkono kwa furaha.

Tiedemann akaanza kusoma, na moyo wake ukachanua kama wa kijana. Ndiyo, mkono ni ule ule. Akasoma mstari wa wahalifu wawili, mmoja kuume, mmoja kushoto. Akasoma mwanzo wa mstari wa askari kugawana nguo. Kisha macho yakarudi juu, yakashuka tena.

Hapakuwa na nafasi. Kwa kipande hiki kipya ukurasa ulikuwa sasa na kingo zote mbili, na upana wa mistari ulijulikana. Kutoka kwa wahalifu mpaka kwa askari maneno yalifuatana mstari kwa mstari bila kuacha pengo. Yale maneno ya msamaha yasingepita hapo hata kwa kukunjwa. Na katika kipande kipya ulipita uzi mmoja mnene wa mafunjo, umefifia kwenye picha kama kivuli, ukielekea kushoto moja kwa moja kwenye kile kipande chake. Ukiunganisha mafunjo, nyuzi ndizo mashahidi, zikitoka upande huu sharti ziingie upande wa pili. Kipande chake alikijua kuliko sura ya mkewe. Hakina uzi mnene. Hakijawahi kuwa nao.

Lo! Papo hapo, bila kutaka, akajua kinapokaa. Neno lile lile la msamaha limo pia katika sala ile ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi, kurasa nyingi huko nyuma, katika kitabu kile kile, kwa mkono wa mnakili yule yule. Miaka arobaini na minne iliyopita alikuwa amekichukua kipande cha sala akakipachika msalabani.

Akamtazama Wiebke, akingoja aseme. Na Wiebke akasema, lakini si hilo. Alisema kwamba nafasi inaonekana haitoshi, naam, ila maelezo yake ni mepesi: mnakili alichoka. Jicho lake liliruka, akaangusha maneno kadhaa ya wale wahalifu, na kwa hiyo nafasi ya msamaha ikapatikana. Akaonyesha kwa michoro jinsi jicho lilivyoruka, na michoro ilikuwa mizuri sana. Hiyo ndiyo ponapona ya kazi yetu. Hesabu ikigoma, msingizie mnakili, alikwisha kufa na hana wakili. Ukumbi mzima ukagonga meza kwa ngumi, maana sisi wasomi hatupigi makofi, na Quast akagonga kuliko wote.

Tiedemann alitaka kusimama, lakini shada lilimkalia mapajani na Hedda alikuwa amemkumbatia shingoni akimbusu shavu. Kisha ikatangazwa kahawa, na hapo ndipo akajua maana ya kubanwa. Kila hatua alikutana na mkono wa kushikwa. Mmoja alitaka picha, mwingine alitaka kumkumbusha semina ya mwaka fulani, mjane wa mwenzake alitaka kulia kidogo begani kwake. Akawekewa sahani ya keki mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, akawa hana hata mkono wa kusukumia mlango. Akatabasamu kwa wote mpaka mashavu yakauma.

Alimpata Wiebke kwenye chumba cha makoti, peke yake, amesimama katikati ya makoti ya mvua kama aliyetafuta pa kujificha.

“Mwalimu, mbona umebeba keki? Nipe nikushikie.”

“Achana na keki. Ule uzi.”

Wiebke hakuuliza uzi upi. Aliichukua sahani, akaiweka dirishani taratibu.

“Umeuona lini?” akauliza Tiedemann.

“Tangu majira ya baridi. Siku ile ile nilipokitoa kashani.”

“Ndiyo maana ya picha ya nyeusi na nyeupe, uzi ufifie.”

“Ndiyo maana.”

“Na kipande changu? Unajua ni cha wapi?”

“Cha kwenye sala. Nilikijaribu kwa picha. Kinaingia bila hata kusukumwa. Nilikuja kwako Februari nikuambie, Mwalimu. Unakumbuka? Ukanikalisha, ukanikatia keki, ukanisomea mwanzo wa shukrani zako za leo. Kwamba hukupata mtoto, ila unaacha kipande. Sasa mimi ningesema nini? Nikala keki yako nikaenda zangu.”

Tiedemann alijisikia uso unamwaka. Akasema kwamba basi imetosha, shukrani zake ndizo za mwisho kwenye ratiba, atasimama na kusema ukweli mwenyewe, kosa ni lake na aibu ni yake.

“Yako?” Wiebke akacheka bila furaha. “Nimesimama pale saa nzima nakitetea. Ukisema kimekosewa, Quast ataniuliza, wewe hukuona? Nikijibu sikuona, mimi kipofu. Nikijibu niliona, mimi mwongo. Haya, nichagulie wewe, lipi lina uprofesa ndani yake?”

“Ungeweza kuacha kuja nacho.”

“Bila hicho sina kitu cha kuja nacho. Ndicho kitu kikubwa nilichopata maishani, na kimekuja kikiwa na jina lako kooni mwake.” Akamshika mkono wa koti. “Usinitilie mchanga kitumbua changu, Mwalimu. Nakuomba. Nitakuja kusahihisha baadaye, pole pole, tukishapumua.”

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa na kundi la watu likawafurikia likiimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, Hedda akiwa mbele. Wakamrudisha ukumbini kwa kumshika mabega.

Alikaa, akasikiliza kinanda na zeze za wanafunzi bila kusikia noti hata moja. Alijua vizuri hilo la baadaye pole pole. Yeye mwenyewe, ujanani, alitia nukta chini ya herufi zisizosomeka sawasawa kwenye mistari ya juu na ya chini ya lile neno, kama sheria ya kazi inavyotaka, herufi ya mashaka iwekewe nukta. Akasema atazikagua baadaye. Waliomnukuu wakaondoa nukta moja, waliowanukuu wao wakaondoa zote, na alipokuja kutanabahi, mashaka yake yalikuwa yamekuwa imani ya watu. Aliogopa kuzirudisha. Wiebke naye akishapewa uprofesa kwa ajili ya kipande kile, atakirudia vipi kukitoa? Atakilinda mpaka astaafu. Atawafundisha wengine kukilinda.

Na kulikuwa na yule mnakili. Watu hucheka tukisema hivi, lakini mtu ukikaa na mwandiko wa mtu mmoja nusu ya maisha yako, humpenda. Tiedemann alimjua anavyoinua kalamu akichoka, anavyobana herufi mwisho wa mstari ili neno lisikatike. Jina lake hatulijui. Tunachojua ni kwamba katika kurasa zote zilizobaki hakuruka hata kineno kidogo cha kuunganishia. Leo, mbele ya watu mia, wamemwita mzembe, na aliyemwita hivyo ni binti aliyefundishwa na Tiedemann mwenyewe kutomwita hivyo. Uchungu ule ulimuuma kuliko aibu yake.

Hapo akapata wazo, akaona kama ukuta umefunguka. Si lazima Wiebke awe kipofu wala mwongo! Atasema ameuona uzi leo tu, kwa bahati, na ni kwa sababu anakijua kipande chake kwa moyo. Atasema picha ya namna ile ingemdanganya mtu yeyote. Atasema kipande cha Vienna ni ugunduzi mkubwa zaidi kwa kuwa ndicho kilichofichua kosa, na aliyekileta ni Dokta Lohsen. Kosa atalibeba yeye, sifa zitabaki kwa Wiebke. Akamgeukia Wiebke nyuma, safu ya tatu, akamwinamishia kichwa ili ajue mambo ni shwari. Wiebke aliona kile kichwa kinainama, akaelewa tu kwamba Mwalimu ameamua kusema, akawa mweupe kama karatasi.

Alipoitwa kutoa shukrani, Tiedemann aliacha karatasi zake kitini. Akawashukuru watu kwa maneno mawili. Kisha akasema, kwa sauti aliyoitumia darasani, “Kipande changu si cha ukurasa ule. Nimekiona leo, hapa hapa, kwa sababu ya kazi nzuri ya Dokta Lohsen. Uzi wa kipande cha Vienna hauingii kwenye changu. Mnakili hakuruka kitu. Nilikosea mimi. Nawaomba mkitoe.”

Hedda alishusha mkono uliokuwa na kamera. Tiedemann alikuwa hajamaliza, alikuwa anavuta pumzi aseme lile la picha ya nyeusi na nyeupe, lile la kumwokoa, lakini Quast alikuwa amekwisha kugeuka na kiti chake chote, anamtazama Wiebke kwa macho ya mwenyekiti wa tume.

“Haya, Dokta Lohsen,” akasema, akitabasamu nusu. “Baba yako anakupinga. Unamjibu nini?”

Wiebke akasimama. Angeweza kusema, ndiyo, Mwalimu yuko sahihi. Lakini yeye hakujua Mwalimu alikuwa amepanga nini. Alichokijua ni kwamba swali lile la chumba cha makoti limefika, kabla ya wakati wake, na mwenye kuuliza ni Quast. Akaanza kuzungumza. Mwanzoni polepole, kisha akapata mwendo. Akaeleza kwamba mafunjo hutengenezwa kwa vipande vya utepe, na utepe huisha popote, hata pale pale penye mpasuko. Akatoa mifano ya kurasa ambazo nyuzi zake zilikatika hivyo hivyo. Akaitaja makala ya kwanza ya Tiedemann mwenyewe, hoja baada ya hoja, bila karatasi, akamtetea Tiedemann wa miaka thelathini na mmoja dhidi ya Tiedemann wa sabini na mitano, na yule kijana akawa anashinda. Ama kweli alifundishwa vizuri. Hata sisi tuliokuwa tumeanza kuingiwa na shaka tukaona haya kwa shaka zetu.

Tiedemann alijaribu kumkatiza. Alisema, hapana, Wiebke, ngoja, lakini kipaza sauti kilikuwa kwa Wiebke, na mtu mmoja nyuma akacheka kwa upendo, vile mtu anavyomcheka babu.

Kisha Wiebke akajilazimisha kutabasamu.

“Wenzangu,” akasema, “tuliosoma kwake tunamjua huyu mzee. Kila mwisho wa muhula alikuwa akiipinga kazi yake mwenyewe, aone kama tumelala. Alifikiri leo, kwa sababu ya maua, tumesahau.” Akamgeukia. “Je, Mwalimu? Tumefaulu?”

Kicheko kikapasuka ukumbi mzima, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa na sasa wamepata nafuu. Watu wakagongana viwiko. Bila shaka! Mtihani! Ndizo zake hizo, mzee haishiwi vituko. Hedda naye akacheka, huku akifuta macho, kwa kuwa kwa dakika ile alidhani mumewe amepatwa na kitu kichwani.

Quast akainama kumsogelea Tiedemann, moshi wa nguo zake ukamjaa puani, akamnong’oneza, “Nilikuwa na wasiwasi na binti yako. Nilidhani hana mifupa, ni mtu wa kuitikia tu. Umenionyesha. Sasa sina swali naye tena.”

Tiedemann alisimama pale na mikono mitupu. Akatazama ukutani, picha ilikuwa imezimwa. Akawatazama watu, nyuso zote zimeinuliwa kwake, zenye furaha, zinangoja neno moja. Akisema hapana, itabidi aseme pia kwamba Wiebke aliuona uzi tangu baridi, maana sasa amekitetea kipande mbele ya wote kwa akili timamu, na hakuna tena picha mbaya ya kusingizia. Mlango aliodhani ameufungua ndio uliomfungia binti wa watu. Akamtazama Wiebke. Tabasamu lilikuwa bado limebandikwa usoni, lakini macho yalikuwa yakimsihi, na Tiedemann hakuweza kujua yanamsihi nini, anyamaze au aseme.

“Mmefaulu,” akasema.

Ukumbi ukagonga meza mpaka vikombe vikalia. Wiebke akaketi, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika, na waliokaa karibu naye wakampapasa mgongo, wakidhani ni furaha.